Habari za Vita vya Unyoya, na Jinsi Orville Skaugstad Alivyomaliza Keki

Kaeni, jamaa zangu, kaeni karibu na jiko, na mwenye kutafuna ameze kwanza, maana habari ninayoileta haisikilizwi kwa mdomo uliojaa. Ni habari ya vita na ya jemadari, ya ngome iliyosimama tangu kabla barabara ya mji wetu wa Lindvik haijatiwa lami, na ya mkono mmoja mkavu wa mzee uliotenda jambo ambalo mikono ya babu zetu wote haikuthubutu kulitenda. Na kwa kuwa siwezi kuanza bila kutega, nawategea: kila anayenijia hunikata nusu, na hakuna anayenimaliza. Msinipe mji bado. Kaeni na kitendawili hicho, tutakikuta mbele.

Basi ijulikane kwamba shule yetu ya sekondari, hapa kaskazini mwa Minnesota ambako ziwa huganda kabla mtu hajamaliza kuzoa majani uani, ilikuwa na timu ya magongo ya barafuni iliyoitwa Machifu. Nembo yake ilikuwa uso wa mwenyeji wa asili wa nchi hii, mwekundu kama supu ya nyanya ya kopo, pua kama mpini wa kikaango, meno yote nje, unyoya kichwani, na shoka mkononi. Aliuchora Mnorwei mmoja zama za baba zetu, naye, ijapokuwa alinunua mchele mwitu wa ziwani kwa Waojibwe, wenyeji hao wa asili, kila vuli, ni dhahiri hakuwahi kumtazama hata mmoja wao usoni. Na Waojibwe ni majirani zetu, watoto wao wanacheza na wetu, na uso ule uliwakodolea macho kutoka ukuta wa uwanja kila walipokwenda kununua bisi wakati wa mapumziko.

Walipolalamika, vita vikaanza. Lakini sisi watu wa Lindvik tuna namna yetu ya kupigana, na namna hiyo tumeitoa mezani. Penye mkutano wowote, uwe wa kanisa, wa mazishi au wa bodi ya shule, pana birika kubwa la kahawa nyepesi na pana trei ya keki za kukatwa. Vipande vyote huliwa kwa furaha ila cha mwisho. Kuchukua kipande cha mwisho ni ulafi uliovuliwa nguo. Kwa hiyo anayekitamani huchukua kisu, akakata nusu, akala nusu, nusu akawaachia wenzake. Anayekuja baada yake naye hukata nusu ya nusu. Trei yangu ya alumini, niliyopewa siku ya harusi, haikuwahi kurudi nyumbani tupu hata mara moja. Ilirudi na chembe moja katikati, imefunikwa kwa karatasi kwa heshima zote, kama mfalme aliyelala.

Na hivyo hivyo ndivyo tulivyopigana vita vya nembo. Majira ya baridi ya kwanza, baada ya hotuba zilizotikisa vioo vya bwalo, bodi iliamua kwamba shoka litoke mkononi, mkono ubaki. Ya pili, uso ukafutwa katikati ya kiwanja cha barafu, ukabaki juu ya dirisha la bisi. Ya tatu ukatoka dirishani, likabaki jina la Machifu na unyoya mmoja, mweupe, kwenye bega la jezi. Kila mara upande mmoja ulikwenda nyumbani umenuna nusu, na wa pili umefurahi nusu, na kila mara aliyetoa hoja ya kukata katikati alikuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Orville Skaugstad. Nitamwitaje nisimpunje? Orville mlinzi wa lango, Orville mkamua ng'ombe mia, Orville mwenye goti la kulia linalotabiri theluji kuliko redio. Katika ujana wake alikuwa kipa wa Machifu, na mwaka wa sitini na nane aliifikisha timu yetu ndogo hadi fainali kule Saint Paul, mara moja tu katika historia ya mji, wakafungwa kwa bao moja dakika ya mwisho. Jezi aliyoivaa siku ile, yenye uso ule bega zima, imetundikwa sebuleni kwake ndani ya kioo. Uzeeni alichaguliwa kuingia bodi ya watu watano. Wawili walitaka jina libaki, wawili walitaka liondoke, na Orville alikuwa kati, mwenye kisu.

Sasa mjue pia kwamba Orville alikuwa na mwanafunzi. Kila baridi humwagia maji uwanja nyuma ya ghala lake mpaka ugande, na hapo, tangu akiwa na meno ya maziwa, alimfundisha kudaka Josette Bellanger, binti wa Kiojibwe wa nyumba ya jirani. Josette alikua, akawa kipa ambaye vijana wa miji mingine humwona ndotoni wakaamka wanatokwa na jasho. Mwaka huo ulikuwa wake wa mwisho shuleni. Na mwezi wa kumi na moja, siku chache kabla ya mechi ya kwanza, alikwenda kwa kocha wa timu akasema kwa adabu kwamba jezi yenye unyoya hataivaa tena, wala chini ya jina lile hatacheza. Kama bodi itaona vyema, atakuwapo langoni Jumamosi. Kama haitaona, atakaa jukwaani na bibi yake, ale bisi.

Habari hiyo ilipita mjini kama moto katika majani makavu. Jumatatu jioni bwalo la shule lilijaa hadi mlangoni. Mimi nilikuwa nimeoka, chokoleti juu, siagi ya karanga chini, na trei yangu ikawekwa pembeni ya birika la kahawa kama kawaida. Mwenyekiti, Marlys Engebretson, alikaa mbele na kuku wake. Nawategea kidogo: kuku wangu hatagi wala hali, lakini akilia wakubwa hunyamaza. Ni saa ya jikoni yenye umbo la kuku, ambayo Marlys huizungusha dakika tatu kwa kila msemaji, na ikilia unakaa, hata kama uko katikati ya jina la Mungu.

Majeshi yakasimama. Upande wa jina la zamani walinena juu ya mababu, juu ya kumbukumbu, juu ya baba zao waliozikwa na skafu za Machifu shingoni, na bwana mmoja aliapa kwamba jina likitoka naye atatoka, atahamia jimbo la jirani la Wisconsin. Marlys akamuuliza kwa upole kama angependa kusaidiwa kufunga mizigo. Upande wa pili walinena juu ya heshima, na wanafunzi wakatangaza kwamba wamekwisha kupiga kura zao, na jina walilolichagua ni Nungunungu. Mwili wote sindano na hajui kushona, huyo ndiye, na kwa timu yenye kipa hodari nani angepata jina bora? Lakini Orville aliguna kwa sauti. Nungunungu walimtafunia mipini ya majembe yote ghalani, kwa kupenda chumvi ya jasho lake, na mbwa wake aliwahi kurudi na pua iliyojaa miiba mpaka ikabidi kumpeleka kwa daktari.

Wakati wote huo watu walikuwa wakienda kwenye kahawa na kurudi, na trei ikipungua, mpaka kikabaki kipande kimoja. Nikaona kisu kikianza kazi yake. Nusu. Nusu ya nusu. Na mbele, mezani, Orville alisimama naye akaanza kazi yake.

Alisema amefikiri sana. Alisema kila upande una haki yake. Kwa hiyo anapendekeza jina libaki mwaka huu na litazamwe tena mwakani, na unyoya upunguzwe, uwe wa ukubwa wa ukucha, kisha utolewe begani uhamishiwe kwapani, ambako hautamuudhi mtu yeyote isipokuwa mwenye kuinua mkono.

 Ndipo aliposimama Lavonne Bellanger, bibi yake Josette, mwenzangu wa karata za Alhamisi, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Hakuhitaji dakika tatu.

"Orville," alisema, "mjukuu wangu ni kipa. Kazi yake ni kuinua mkono."

Watu walicheka pande zote mbili, hata yule wa Wisconsin. Orville naye akatabasamu kwa shida. Lavonne hakuwa amemaliza.

"Nimekaa nawe jirani miaka yote hii, sijawahi kukuona na kitu kizima. Uzio wako umepakwa rangi nusu. Mwaka juzi ulinikatia nyasi mpaka katikati ya ua ukasema nyingine ni ya wiki ijayo. Mkeo, Mungu amrehemu, ulimwambia 'ndiyo' yote kanisani, au nayo ulimkatia?"

"Ndiyo yote," Orville akajibu, masikio yamemwiva. "Mchungaji hakunipa kisu."

Kisha Josette akaja mbele. Alikuwa na koti la mazoezi na nywele bado mbichi. Marlys akazungusha kuku. Binti yule hakuwatazama watu wala bodi, alimtazama mzee Orville peke yake, na alisema naye kama walivyozoea kusemezana nyuma ya ghala.

"Kocha, watu wakija kutoka miji mingine walikuwa wananiuliza kama yule wa ukutani ni babu yangu. Babu yangu aliendesha gari la kuzoa theluji. Alivaa kofia ya masikio. Wewe ulimjua, ulicheza naye karata. Hakuwa na pua ile."

Orville akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na pua ile.

"Na kitu cha kwanza ulichonifundisha, nilikuwa mdogo hivi, ulisema kipa hatoki nusu. Ukitoka, toka mpaka kwa mpira. Ukibaki, baki kwenye mstari. Ukisimama katikati unapigwa tu. Niliuliza umejuaje. Ukasema Saint Paul."

Akarudi kukaa. Kuku alikuwa bado na dakika mbili kabla ya kulia, akaendelea kukwaruza mezani.

Nani kati yenu, enyi mnaonisikiliza, ameuona mlima ukihama? Mimi nimeona. Orville Skaugstad alisimama, goti lake likalia, akaizunguka meza ya bodi bila kuomba ruhusa. Alipita katikati ya majeshi mawili, na kila jeshi likadhani anakuja kwake, kumbe alikuwa anakwenda kwenye kahawa. Tulidhani atajimiminia kikombe, maana mtu aliyebanwa hunywa. Hakumimina. Alisimama juu ya trei yangu. Ndani yake kilikuwa kimebaki kipande cha upana wa stempu, kingo zake zimenyooka kwa kukatwa na watu wenye adabu. Mkono wake ukakigusa kisu, na watu mia mbili wakashusha pumzi, kwa kuwa hilo tulilijua. Kisha akakisukuma kisu pembeni.

Kwa vidole vyake viwili, mbele ya kanisa zima la Kilutheri na nusu ya Wakatoliki, alikiokota kipande cha mwisho. Akakitia mdomoni. Akakitafuna.

Mama mmoja nyuma yangu alisema "Jamani" kwa sauti ya mtu aliyeona jeneza likipita. Mimi nilishika mkoba wangu. Marlys, ambaye ameendesha mikutano hata siku paa lilipovuja juu ya kichwa chake, alisahau kumgeuza kuku.

Orville alirudi mbele anatafuna, na bodi ikamsubiri ameze.

"Hoja yangu naiondoa," alisema. "Bao lile la sitini na nane, watu wananifariji miaka yote kwamba jua la dirishani lilinipiga machoni. Halikunipiga. Nilitoka nusu. Nimelinda jezi ile kwa sababu nilidhani ikitoka ukutani hakuna atakayekumbuka kwamba tulifika. Lakini aliyefika ni mimi na wenzangu, si yule mwenye pua. Jina litoke lote, na unyoya wote. Mnaweza kuweka hata nungunungu, ijapokuwa ni mnyama asiye na shukrani. Marlys, piga kura."

Zilikuwa tatu kwa mbili. Josette alivuka bwalo akamkumbatia mzee wake, na Orville akasimama amenyooka kama mlingoti, mikono haijui iende wapi, kwa kuwa hivyo ndivyo wanaume wetu hukumbatiwa. Mpaka akakumbuka, akamkumbatia naye, kwa mikono yote miwili. Na yule bwana wa Wisconsin yuko bado hapa. Mke wake alikataa kufunga hata sanduku moja.

Jumamosi Nungunungu waliingia barafuni na jezi nyeupe za mazoezi zisizo na kitu, maana mpya zilikuwa hazijashonwa. Lango lilikuwa na Josette, na mara moja, katika kipindi cha mwisho, mshambuliaji mrefu wa wapinzani alipobaki peke yake naye, tulimwona akitoka, akatoka mpaka mwisho, mpira ukazama katika glavu yake. Jukwaani, Orville hakushangilia. Alikuwa akifuta miwani, na Lavonne alimpa bisi zake, pakiti nzima.

Basi hiyo ndiyo habari. Na iandikwe, na isomwe siku wajukuu wa wajukuu watakapouliza ni nani aliyeitoa Lindvik katika zama za nusu: hakuwa gavana, hakuwa askofu, alikuwa Orville mla cha mwisho. Nilipofika nyumbani usiku ule niliiweka trei mezani, nikachukua karatasi ya kufunikia kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikakuta hapana cha kufunika. Niliiosha, nikaikausha, nikaitazama inavyong'aa hadi pembeni. Kitendawili changu kimekufa, na aliyekiua amenidai mji. Haya, Orville, nakupa mji. Nakupa Lindvik, yote.