Magunia Manne ya Mkaa

Jumatatu, 5 Julai 1999
Josepha kanichekea sasa hivi, meno yote sita meusi. Kala mkaa! Nimemfuta kwa khanga. Kacheka tena. Mwanangu huyu!

Leo kaja Shreya, binti wa Mzee Jayant mwenye ghorofa linalojengwa hapa Mchafukoge. Mimi nawapikia mafundi wake. Jiko hili ndilo linatulisha tangu baba Josepha aende machimboni Mererani akanyamaza. Shreya anasoma Uingereza. Anahesabu hewa ya ukaa, yaani moshi wote unaotoka mpaka jengo lisimame: wa saruji, wa nondo, wa malori. Hata wa jiko langu! Kauliza, dada, kwa wiki unatumia mkaa kiasi gani? Nikakumbuka unga wa msaada kule kwetu Newala. Aliyeandikisha wengi ndiye alipata mwingi. Nikasema magunia manne. Ni moja, tena halijai.

Euphrasia, muuza uji wa upande wa pili, kasema madebe mawili. Mshamba! Atapewa nini huyo?

Jumatano, 7 Julai
Sabasaba. Hakuna kazi. Nimewaza. Jiko la gesi? Mabati ya kibanda? Labda vyote. Nimemwambia Josepha asizoee sana chumba hiki.

Ijumaa, 9 Julai
Majibu ya Shreya yametoka: moshi wa jengo lazima upungue. Saruji haipunguzwi, ghorofa litaanguka. Nondo vilevile. Malori ndiyo yanaleta hivyo vyote. Kinachopungua ni jiko la Mama Josepha. Mzee Jayant kasema pole sana mama, kesho usiwashe. Nikaapa ni gunia moja, Mzee! Kasema mbona juzi manne. Eliasi, fundi mkuu, akaniuliza, hivi shemeji, ulikuwa unapika wali au unachoma matofali? Mafundi wakacheka. Nikacheka nao. Kisha nikaenda nyuma ya lundo la mchanga, nikalia mpaka Josepha akaanza kunifuta yeye.

Mafundi wanakula kwa Euphrasia. Kaongeza na maharage.

Jumatatu, 12 Julai
Siku mbili chai ya rangi. Josepha kalia mpaka sauti imekauka. Leo nimepata kona Kariakoo, wanachimba msingi. Wamekula watatu tu. Lakini Mungu yupo! Kaja kijana Kalpesh na daftari, naye anahesabu moshi. Kosa langu nimeshalijua: manne yalikuwa machache, hayatii huruma. Nitasema kumi. Huyo, ananiita. Nakuja, kaka! Kumi na mbili, na watoto ninao sita, na yule mdogo