Hoteli ya Wageni Wasiokula Kuku

Mheshimiwa Chifu ambaye hajafika lakini kofia yake iko hapa kwa kiti, Bwana Asistanti Chifu ambaye amefika lakini anaongea na simu, Pasta, mke wa Pasta, Pasta wa ile kanisa ilitoka kwa kanisa ya Pasta, wazee wa vijiji kutoka Kitale mpaka Bungoma, wenye kuuza ng'ombe hapa Chwele, wenye kununua, mabroka wa katikati ambao tunawajua kwa majina, stekiholda wote, mgeni wetu wa heshima Madam Annika kutoka ng'ambo, na mimi mwenyewe, Mama Sellah, Mwenyekiti, Patroni na Mwanzilishi wa Mradi wa Utalii wa Mboga, Korido ya Kitale na Bungoma. Kama kuna mtu nimesahau, basi na yeye ajiulize ni kwa nini. (Kicheko. Asistanti Chifu anaweka simu chini.)

Leo ni siku kubwa. Nyuma yangu mnaona pazia, na mbele ya pazia mnaona utepe, na nyuma ya hiyo yote iko hoteli ya kwanza ya vegan katika hii eneo yetu, hoteli ya kimataifa, imefanyiwa fisibiliti, imefanyiwa pablik patisipesheni, imefanyiwa na maombi, na itainua uchumi wetu kwa asilimia mia moja na kitu. (Makofi.) Hesbon, keti chini. Chakula iko njiani.

Mimi shule nilipitanga tu nje nikienda mtoni, na hiyo mto siku hizi imekauka, watu wamepanda miti ya kunywa maji, hiyo nitaongea siku ingine. Lakini maendeleo naijua. Huyu Madam alikuja kuona Mlima Elgon, akapitia Endebess, na kazi yake ni kuzunguka nchi za joto akitafuta hoteli za chakula yake. Akipata nzuri anaandika kwa simu, na wenzake wanafuata hiyo simu kama kondoo wanafuata chumvi. Akiandika huku kwetu kuna chakula, watakuja wengi. Akiandika hakuna, watatupita juu kwa ndege tukiwapungia mkono. Na kesho asubuhi anaondoka. Kwa hivyo leo ndio leo.

Mara ya kwanza aliniambia, "Mimi ni vegan." Mimi nikasikia, "Mimi ni ve gani?" Nikamjibu, "Ata mimi sijui, mama, lakini karibu." (Kicheko.) Ni Phelista, treasura wetu, amefika fomu foo, ndiye alinieleza. Ati huyu hali nyama, hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, ata asali anaachia nyuki. Nikauliza, sasa huyu mtoto wa watu amekosea nani?

Kamati ikaanza kazi. Tukampeleka Kitale kwa hoteli ya Waithaka, mwanachama wetu. Madam akasema hataki nyama. Waithaka akamletea kuku. Madam akasema, lakini hii ni nyama. Waithaka akamwinamia kwa heshima akamwambia, "Hapana, Madam. Nyama iliisha saa sita. Hii ni kuku." (Sauti nyingi: Si ni kweli.) Si ndio? Nyama ni nyama, kuku ni kuku, ata mtoto wa nasari anajua.

Basi nikaona hiyo lugha ya tekniko imetushinda, nikamfundisha neno moja: mboga. Tulipofika Webuye akaiuliza mwenyewe, vizuri kabisa, "Mboga iko?" Mwenye hoteli akafurahi mzungu anaongea Kiswahili, akamwambia, "Iko, mama. Mboga ya leo ni samaki. Ya jana ilikuwa matumbo." Madam akaniangalia. Ningesema nini, bana? Kwetu kitu yoyote inasukuma ugali ni mboga. Ata ng'ombe ni mboga, ni vile tu bado anatembea.

Nikamleta kwangu. Nikapika mrenda, ile mboga ya majani ya kuteleza, nikaweka maziwa kidogo, sio ya kula, ni ya kulainisha. Akaonja, akaweka chini. Na tena mgeni atatokaje kwa boma yangu bila kuku, majirani watasema Sellah amekufa akiwa mzima? Nikashika jogoo, nikamletea amuone akiwa mzima kabla ya kisu, vile heshima inataka. Madam akamkumbatia, akaniuliza anaitwa nani. Jogoo haina jina, lakini niliona aibu, nikasema anaitwa Mukhisa. (Mzee Mukhisa anasimama. Anaketishwa.) Pole, mzee wangu, ni jina ilikuwa karibu. Madam akalia machozi, nikarudisha jogoo nje. Tangu hapo anakula ndizi na kunywa maji, na nyinyi wenyewe mnaona vile hiyo koti inamkalia kama imeanikwa.

Hapo ndipo kamati ilikaa na kupitisha hoteli kwa kauli moja, yangu. (Pazia inatingika. Ng'ombe anatoa kichwa juu ya utepe.) Msicheke. Huyo ni mteja. Hali nyama, hali samaki, hali mayai. Huyo ni vegan kushinda ata mgeni. (Kicheko kirefu. Hesbon anauliza ng'ombe anafanya nini ndani ya hoteli.) Hesbon, hayo ni mambo ya kiufundi.

Sasa, bila kupoteza wakati, namkaribisha Madam Annika akate utepe. Madam. Madam ako wapi? (Sauti: Ako kwa Wacera.) Wacera gani? Huyu alitoka Kitale, mwenye kupikia wabeba mizigo hapa kando ya barabara? Anafanya nini huko? (Sauti: Anakula. Sahani ya pili.) Anakula nini? (Sauti: Maenjera.)

Woi. Mahindi na maharagwe. Kwa mgeni. Wacera na watu wake wanaita githeri, sisi tunaita maenjera, lakini kabila zote mbili tunaisukuma chini ya meza mgeni akibisha hodi. (Madam Annika anarudi na sahani mkononi. Anauliza: "Mama Sellah, hii iko kila siku?")

Iko kila siku, mama. Ndio maana hatukukupea. (Kicheko.)

Nyamazeni, ametoa simu. Anaandika. Phelista, chungulia utusomee. (Phelista: Ati amepata chakula tamu kushinda zote za safari yake, kwa sufuria ya Wacera, Chwele, karibu na ng'ombe.) Kamati haijatajwa? Angalia chini tena. (Phelista: Haijatajwa.) Basi, kwa mamlaka niko nayo, natamka ile sufuria ni awamu ya kwanza ya mradi wetu, na tangu mwanzo ilikuwa kwa plani. (Makofi. Wacera anacheka akijifunga leso upya.)

Nikisema "mboga", mjibu "bila kuku". Mboga! (Ya kuku!) Hapana. Mboga! (Ya kuku!) Wacha tuseme hiyo imepita.

Namalizia na shukrani. Asante Kiarie kwa pazia, na watu wasiivute sana, ni shuka ya kitanda yake na anataka kuilalia leo. Asante mwenye ng'ombe kwa kutuachia zizi, maana huko nyuma hakuna kitu ingine, msiende kuangalia mkaharibu viatu. Hoteli yenyewe haijakuwa, ata jiwe moja hatujaweka, iko ndani ya roho ya kamati. Asante Wacera, na uniwekee sahani. Na mwisho kabisa nashukuru jogoo yangu Mukhisa, ambaye mpaka sasa ndiye mfaidika peke yake wa huu mradi. (Makofi.) Lakini asizoee. Mgeni anaondoka kesho asubuhi.