Oili ya V8 na Mbuzi wa Ntheo

Jumatatu, 4 Agosti

Imeamuliwa! Jumamosi tunapeleka ntheo kwa kina Kavindu. Mbuzi watatu. Mkamba asipowapeleka hao, hata azae timu nzima ya mpira, bado hajaoa. Kavindu amekubali. Wazazi wake wamekubali. Amebaki Susu Kasyoka, nyanya yake aliyemlea, na bila yeye hakuna kitu. Amesema mtu wa boda kama mimi ni mtu wa kupita tu. Akiona mchezo, mbuzi watarudi kwetu Kambu pamoja na mimi mwenyewe.

Kwao ni juu ya mlima. Pikapu haifiki, kwa hivyo mbuzi wataenda na pikipiki. Mjomba Kilonzo, msemaji wetu, ametangaza kwamba Muthama wa stegi yetu atatangulia na wawili, mimi nifuate na mmoja. Muthama! Aliyemnunulia Kavindu soda wakiwa darasa la nane, na mpaka leo anaitaja! Nimeuliza kwa nini yeye. Mjomba akajibu kwamba pikipiki yake haijawahi kumlaza mtu njiani.

Sawa. Nitampita hapo hapo mlimani, Susu akiangalia.

Jumanne, 5 Agosti

Siri ya pikipiki ni oili. Ya Mheshimiwa (hilo ndilo jina la pikipiki yangu, limeandikwa kwa madigadi) imekuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Nimeenda kwa Nadifa, mwenye duka la spea. Ameshusha chupa yenye picha ya pikipiki, akasema hiyo ndiyo inamfaa Mheshimiwa. Ningeichukua. Lakini akaongeza kwamba ndiyo Muthama hununua siku zote.

Nioe na oili ya Muthama? Nimemwambia Nadifa nitafikiria.

Jumatano, 6 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. V8 nyeusi, gari la wakubwa, imesimama Kambu, dereva akaongeza oili, dumu likabaki nusu. Nimembembeleza na kapu la machungwa mpaka akaniachia. Oili ya V8! Nimeisugua kati ya vidole. Inateleza kama mrenda.

Nimepita kwa Nadifa makusudi, aone wivu. Hakuona wivu, ameniona huruma. Anasema klachi ya gari ina mahali pake, haigusani na oili ya injini. Lakini ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile. Ukiweka inayoteleza hivi, sahani za klachi zinakosa kushikana. Injini inapiga kelele, tairi halisikii. Amesema oili ya gari niwaachie wenye magari.

Ni nani mwenye duka amewahi kusifu kitu ambacho hukununua kwake?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwaga ya zamani, nimejaza ya V8. Aiya! Injini inanong'ona. Kwenye lami nimewapungia watu mkono mpaka Kibwezi. Kuna kitu kimoja tu. Nikivuta mafuta, mngurumo unatangulia, mwendo unakuja baadaye. Nafikiri nguvu imezidi, Mheshimiwa bado hajaizoea.

Jioni Kavindu amepiga simu. Kumbe Nadifa amemwambia! Amenisihi niitoe hiyo oili kabla ya Jumamosi, maana Susu anangoja tu tukosee. Nimemwambia nimesikia. Na kusikia, nimesikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yenyewe. Mimi na suti. Nyuma yangu mbuzi dume ndani ya gunia, kichwa nje, ametulia kuliko mimi. Mbele, Muthama na mbuzi wake wawili. Mjomba na wazee walishapanda asubuhi kwa miguu.

Mlima ukaanza. Nikajipanga kumpita Muthama kwenye kona ya mwisho. Nikavuta mafuta. Mheshimiwa akanguruma mpaka watu huko juu wakatoka nje kuangalia. Nikavuta tena. Akanguruma zaidi, akasimama. Kisha akaanza kurudi nyuma, na bado ananguruma! Kelele nyingi, kwenda hapana. Kumbe jina nililompa lilimfaa.

Huko juu nikaiona leso ya Susu. Moyo ukafa. Akilini niliwaona mbuzi wakirudi Kambu, na Kavindu akibaki kwao. Nilitaka kulia, kusema kweli.

Muthama akashusha mbuzi wake wawili uani, akanirudia. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Nipe huyo mbuzi nimpandishe," akasema. "Wewe sukuma."

Mbuzi wote watatu wafike na Muthama? Sasa nani anaoa? Nikamlaza Mheshimiwa kando ya njia, nikambeba dume mabegani, nikapanda. Mawe. Jua. Kwenye kona ya mwisho dume akanikojolea suti yote. Nikafika sina hata sauti ya kusalimia, nikamweka miguuni pa Susu Kasyoka.

Mjomba Kilonzo aliangalia viatu vyake. Susu akanusa, akanipima kutoka kichwa mpaka vidole.

"Wengine wanaleta mbuzi na pikipiki," akasema. "Huyu amembeba. Huyu si wa kupita."

Vigelegele! Kavindu alicheka mpaka akakaa chini. Nimeoa! Dume amechinjwa hapo hapo, kama desturi. Nimemla kwa heshima, tulikuwa tumeshazoeana.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani naitwa Mbeba Mbuzi. Hata pasta, tena kwenye maikrofoni. Baada ya ibada Muthama ameimwaga oili ya V8 na kujaza ile yenye picha, zawadi yake na Nadifa kwa maarusi. Klachi ilikuwa imelewa kabisa, ikabidi kuosha na kujaza tena. Mheshimiwa amepanda mlima kimya, na Kavindu nyuma. Nimemshukuru Muthama. Iliniuma kidogo.

Lakini tusidanganyane. Ningeweka oili ya Muthama, ningefika kama kila mtu. Oili ya V8 ndiyo imenipa mke.

Jumatano, 13 Agosti

Furaha juu ya furaha! Susu Kasyoka anataka mjukuu wake mpya ampeleke Kibwezi Ijumaa, kwa daktari wa macho. Si Muthama. Mimi! Kurudi ni mlima ule ule, na Susu si mwepesi. Muthama amesema oili iliyoko ni sawa, nisiiguse. Kavindu amesema nikiigusa, Susu nitampandisha mgongoni mwenyewe, na yeye hatanisaidia.

Nimewasikia wote. Lakini leo huko Kibwezi nimekutana na mtu ana dumu la oili, na ameniapia ni ya treni. Treni! Inavuta mabehewa mpaka Nairobi. Susu ni nini mbele ya behewa? Nimeisugua kati ya vidole. Inateleza kuliko ya V8.

Ile yenye picha nimeshaimwaga.