Maporomoko Yaliyosubiri Mgeni Rasmi

Wananchi wote walitangaziwa, kwa redio na kwa vipaza sauti vya sokoni, kwamba kuanzia sasa hakuna raia atakayetazama kitu chochote cha nchi za watu kabla hakijazinduliwa. Idara ya Matembezi ya Wananchi Nje ya Nchi ilikuwa imefanya utafiti wa kina, ikabaini kuwa watu wanaosafiri kwa mabasi ya bei nafuu wamekuwa wakiona minara na madaraja ya wenyewe kiholela, bila hotuba, na hivyo kuviona vibaya. Kila msafara ungepewa mgeni rasmi wa kuufungulia mandhari. Atakayetazama kabla ya wakati atahesabiwa kuwa hakusafiri, na hatasafiri tena.

Tangazo hilo lilimkuta Fundi, mama anayeshona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, akiwa ameshakata tiketi. Ukutani, juu ya cherehani yake, kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya maporomoko ya maji ya nchi jirani. Miezi yote ilishachanwa, picha ikabaki. Ilikuwa pale tangu kifungua mimba wake hajaota meno, na sasa kijana alikuwa na ndevu. Fundi hakutaka hoteli wala zawadi. Alitaka kuyaona maji yale kwa macho yake kabla macho hayajachoka na sindano.

"Tutayaona tu, shoga," alisema Msusi, rafiki yake wa chumba cha pili, ambaye ndiye aliyemsukuma kukata tiketi. "Huyo mgeni rasmi ni binadamu, si ukuta."

Msusi alikosea. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara alikuwa ukuta hasa. Alikuwa na mabega mapana, suti nyeusi, na kitambi kilichotangulia kuingia popote alipoalikwa. Alichukua viti vyote vinne vya mbele: viwili vya kukalia, kimoja cha koti, kimoja cha hotuba. Fundi na Msusi walipewa kiti cha nyuma kabisa, juu ya tairi, ambapo kila shimo la barabarani lilikuwa linawahusu wao binafsi. Dirisha lao halikufungika. Dereva aliwaeleza kwamba hicho ndicho kiyoyozi.

Siku ya kwanza walifika kwenye mnara wa kale. Mheshimiwa alisubiri ndani ya basi mpaka wote washuke na wajipange, kwa kuwa mgeni rasmi hufika mwisho. Kisha akashuka, akasimama mbele ya mnara, na kuanza kuwatambua waliohudhuria, mmoja mmoja, na vyeo vyao. Wasiokuwa na cheo aliwapa.

"Mheshimiwa, samahani," Msusi alinyoosha mkono. "Huo mnara uko nyuma yako."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimeelekea kwenu."

Mnara ulizinduliwa giza likiwa limeshaingia. Wananchi walipiga makofi kuelekea upande ambao ulisadikiwa kuwepo, wakaenda kulala wanne wanne chumbani, na ripoti ikatumwa nyumbani kwamba umeonekana kwa mafanikio makubwa. Siku ya pili Mheshimiwa alifunga utepe kwenye daraja ambalo wenyeji walikuwa wanalitumia tangu enzi za babu zao, akaukata. Malori yaliyozuiwa yalipiga honi. Aliyashukuru kwa mapokezi.

Usiku ule Fundi hakupata usingizi. "Kesho ndiyo maporomoko," alinong'ona. "Na mimi nitarudi nyumbani nikiwa nimeona mgongo wa suti. Heri ningebaki na kalenda yangu."

"Acha kujitia simanzi," Msusi alimjibu, ingawa na yeye moyo ulikuwa umeshaingia baridi.

Siku ya tatu walifika kwenye geti la hifadhi ya maporomoko alasiri, wakiwa wamechelewa kwa sababu Mheshimiwa alizindua kituo cha mafuta njiani. Kibao kilisema wageni hawapokewi baada ya saa kumi. Mlinzi wa geti, mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni, aliwahimiza waingie haraka. Mheshimiwa aliagiza kutoka dirishani: watangulie, wajipange, wayape maji mgongo, na wamsubiri.

Wakatangulia. Wakajipanga. Basi zima la watu wazima, wazee kwa vijana, likasimama kwenye ukingo huku maporomoko yakinguruma nyuma yao na kuwalowesha nywele. Walitazama kichaka. Kilikuwa kichaka cha kawaida.

"Shoga," Msusi alisema, maji yakimtiririka kisogoni, "mgongo wangu unafaidi kweli. Mimi mwenyewe je?"

Huko getini Mheshimiwa alikuwa amemaliza kuvaa koti. Alishuka kwa mwendo wa heshima, akasimama kidogo ili apigiwe picha na mtu ambaye hakuwepo, akaendelea. Saa kumi ikagonga, na mlinzi akavuta geti, akatia kufuli.

"Mama, fungua. Mimi ndiye mgeni rasmi."

"Baba, hapa wote ni wageni. Rudi kesho, tena uwahi."

"Kesho tutakuwa tumeshaondoka!"

"Basi karibu mwakani."

Alieleza itifaki. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akaenda kunywa chai.

Habari ziliwafikia kupitia kwa dereva, aliyekuwa ameingia kabla ya kufuli, akaja mbio huku akijitahidi sana kuhuzunika. Mheshimiwa amefungiwa nje. Uzinduzi umeahirishwa. Watu walitazamana, kisha wakakitazama kichaka. Mzee mmoja akasema labda wakirudi basini kwa kinyumenyume haitahesabika kuwa wameona.

Fundi alikitazama kichaka mara ya mwisho. Miaka yote ile ya kushona vifungo vya watoto wa watu, na maji yenyewe yanamgusa shingo! Ikiwa hatasafiri tena, basi asisafiri tena. Akageuka.

Maji yalikuwa meupe, mengi kuliko picha, na picha haikuwahi kumwambia kwamba yana sauti, wala kwamba ardhi inatetemeka chini ya viatu. Alilia waziwazi, kwa furaha, kama mtoto aliyepelekwa kwenye sikukuu.

"Fundi! Vipi, yamezinduliwa?" mzee aliuliza, bado kageukia kichaka.

"Nimeyazindua mimi," alisema Fundi. "Geukeni."

Wakageuka wote. Msusi alipiga vigelegele mpaka filimbi ya mlinzi ikamjibu kutoka mbali. Walikaa pale mpaka mlinzi alipokuja kuwatoa, wakalowa chapachapa, wakacheka ovyo, na hakuna aliyemtambua mwenzake kwa cheo.

Waliporudi, walimkuta Mheshimiwa ameketi juu ya jiwe, koti mapajani. Safari hii aliingia basini wa kwanza kabisa, akiwapita watu kwa kiwiko. Wakiwa njiani usiku alitembea kwa kushikilia viti mpaka nyuma, kwenye tairi.

"Fundi, dada yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Kesho Waziri atatupokea, na redio itakuwepo. Hebu nieleze kidogo. Yakoje?"

Fundi alifikiri. Kisha akasimama, akakohoa.

"Kabla sijasema lolote, naomba niwatambue waliohudhuria. Dereva wetu mpendwa. Rafiki yangu Msusi, mlezi wa vichwa. Mzee wa kinyumenyume..."

"Fundi, tafadhali."

"Itifaki, Mheshimiwa."

Aliwatambua wote, na wazazi wao. Akazitambua tairi. Mpaka usingizi unawachukua, alikuwa hajafika kwenye maji.

Asubuhi basi lilisimama mbele ya bendi ya tarumbeta. Waziri alimkumbatia Mkurugenzi wake, na kipaza sauti cha redio kikasogezwa mdomoni pake. "Mheshimiwa, taifa zima linasikiliza," alisema mtangazaji. " Tuambie, maporomoko yakoje?"

Mheshimiwa aliwatazama Fundi na Msusi, waliokuwa wanashusha mabegi yao. Akafuta jasho. Kisha, kwa sauti nzito, akaanza kumtambua Waziri, mke wa Waziri, bendi, na kila tarumbeta peke yake; na Waziri, ambaye hakuna itifaki iliyomruhusu kuondoka, akasimama juani akisubiri maji.