Karakana Yangu na Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Ushindi! Mke wangu kanipa chumba cha kufulia kiwe karakana. Sharti moja tu: kufikia Jumamosi niwe nimemtengenezea mama yake kitanda, maana anakuja kukaa. Nikishindwa, mama mkwe atalala kitandani kwetu, mimi kwenye kochi, na karakana itarudishiwa mabeseni. Nikasema kitanda ni kazi ya asubuhi moja. Akauliza kama ile stuli nayo ilikuwa ya asubuhi moja. Mtu mzima hajibu kila kitu.
Mbao za kitanda zimefika. Zinanukia!

Jumanne, 4 Juni
Nimewaza. Kitanda hakitengenezwi bila meza ya kazi. Meza haitengenezwi bila mbao. Mbao zipo. Nimeziazima kidogo tu kutoka kwenye kitanda.

Jumatano, 5 Juni
Meza imesimama! Pana, nene, miguu kama ya tembo, na pembeni jiliwa, kile chuma cha kubana mbao. Kitanda kimebakiwa na vipande viwili. Si neno.
Jirani akaingia bila hodi. Tunamwita Pimamaji, kwa sababu hatembei bila kile kipimo chenye kiputo. Akakiweka mezani, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Eti chungwa likiwekwa hapo litajiendea zake sokoni. Wivu! Hata hivyo nimekata miguu ya upande mmoja.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeisogeza meza dirishani. Pimamaji kasema sasa imeinamia huku. Nikakata. Nikaisogeza ukutani. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikakata tena, kwa hasira.
Mke wangu akapita na ndoo. Akauliza kama wazee wazima wawili hatujui kwamba iliyoinama ni sakafu, tena makusudi, maji ya kufulia yaende mferejini.
Pimamaji akakumbuka kwamba kwake kuna mgeni.
Meza inanifika magotini.

Ijumaa, 7 Juni
Vile vipande viwili vinatosha kitanda cha paka. Hatuna paka. Nimejaribu kochi: miguu inaning'inia tangu magotini. Nimeandaa hotuba ndefu kuhusu mbao mbichi.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe kafika kabla ya hotuba. Akaomba kuonyeshwa chumba chake. Kabla sijafungua mdomo akasukuma mlango wa karakana, nikamfuata kama mtu anayepelekwa polisi. Akaiona meza. Akaketi. Akaipapasa. Akasema hajawahi kuona kitanda kilichojali mgongo wake namna hii: kigumu, kipana, na hakina kupanda. Akaniita mwanangu! Tangu nimwoe bintiye nimekuwa “huyo bwana”.
Mke wangu akanitazama, akaitazama meza, akaenda kuleta godoro. Mama akauliza kile chuma cha nini. Nikasema cha kushikia tochi, asihangaike gizani. Akaniombea baraka.
Kisha akasema hana haraka ya kuondoka.

Jumapili, 9 Juni
Sina karakana, ila akili ninayo. Leo nimelitazama banda la kuku kwa jicho la fundi. Paa zima, mlango mpana, hewa ya kutosha. Kuku nitawajengea jingine, bora zaidi, wiki hii hii. Kwa sasa nimewahamishia jikoni. Wametulia, isipokuwa jogoo, aliyepanda juu ya sufuria. Mke wangu bado hajarudi kutoka sokoni.