Tumbo la Plastiki

Jumatatu, 16 Juni 2025
Redio imeniokoa! Daktari fulani amesema ukila samaki wa baharini, tumbo linamkatakata vipande vidogo sana, peptaidi, na huenda vingine vikasaidia watu wa presha. Wengine hapa Kabati walisikia habari ya chakula. Mimi nilisikia biashara. Kwa nini mteja ahangaike kumeng'enya mwenyewe? Nitammeng'enyea! Papai bichi linalainisha nyama, kila mpishi anajua. Nikanunua kamba waliokaushwa kwa Halima, muuza samaki. Akauliza ni wa nini. Nikasema ni wa kuku. Miaka yote sokoni, hajawahi kufikiria kuwauza kwenye chupa!

Jumanne, 17 Juni
Kamba, maji, papai, ndani ya mtungi wa plastiki. Nimeuweka juani nyuma ya duka. Mke wangu Kaluki anasema kuna kitu kimekufa. Nimemwambia ni sayansi. Paka wote wa Kabati wameipenda sayansi.

Alhamisi, 19 Juni
Bango liko juu: PEPTAIDI YA KAMBA, IMEMENG'ENYWA TAYARI! Mzee mmoja akataka kujua nimesaga Mkamba gani. Nikaeleza: kamba wa bahari. Akaondoka akigeukageuka. Halima alinusa, akacheka mpaka akashika ukuta. Wivu!
Kisha akaja baba mkwe, Mzee Musyimi, mgonjwa wa presha. Tangu harusi ananiita "yule wa Kaluki". Leo, akipokea chupa, aliniita mwanangu! Akauliza kama bado anahitaji tembe za kliniki. Nikamjibu, "Baba, dawa ya bahari haigombani na mtu." Si uongo. Si jibu pia.

Jumamosi, 21 Juni
Balaa. Mzee ameanguka sokoni. Kumbe aliacha tembe, na chupa yangu imemharisha usiku kucha. Halima aliacha samaki mezani, akasimamisha gari, akamkimbiza hospitali. Kaluki hajanitukana. Afadhali angenitukana. Nimekaa nje ya wodi nikiomba Mungu. Kwa kawaida huwa naomba wateja. Leo nimeomba mzee tu.

Jumapili, 22 Juni
Amefungua macho! Asante Mungu! Nesi amenifokea mbele ya wodi nzima: tembe haziachwi bila daktari, samaki ni chakula, na tumbo linajua kazi yake. Halima ameleta supu ya samaki aina ya changu. Mzee ameimaliza, akamwita Halima "binti yangu". Mimi aliniuliza nimefuata nini. Kaluki amemwaga mtungi chooni na kuniapisha: sitengenezi dawa tena. Nimeapa. Kwa machozi, tena ya kweli.

Jumanne, 24 Juni
Mzee ametoka hospitali. Nimetulia, nimeyatafakari maneno ya nesi. Tumbo linajua kazi yake. Tumbo! Mimi nilitumia plastiki! Hapo ndipo nilipokosea. Nimeongea na Mbithi wa bucha. Kesho ananiwekea tumbo zima la mbuzi, limeoshwa, halijatoboka. Na kiapo nakiheshimu. Niliapa kuhusu dawa. Hii nitaiita sharubati.