Ndoo Tatu za Sista Nasra

Zahanati ya Mkandani,
Delta ya Rufiji.

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,
Kibiti.

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KWA SISTA NASRA, MUUGUZI

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Naomba radhi kukukatiza katika kazi zako, lakini maji yamenifika shingoni, na huku kwetu delta neno hilo si la mafumbo.

Mimi ni Abdulrazaq, mganga mfawidhi wa zahanati hii. Nimekaa hapa mpaka nimewazalisha mabinti wa wale niliowazalisha zamani. Tuna vyumba vitatu, popo wasiohesabika na, hadi majuzi, ndoo moja ya taka. Ndoo hiyo ilitutosha. Kila kitu kiliingia humo: pamba yenye damu, sindano, maganda ya ndizi, na siku moja miwani yangu. Ikijaa, tunaimwaga katika shimo lililo nyuma, penye mikoko, na mambo yanakwisha.

Kisha Sista Nasra akapelekwa semina Ikwiriri. Akarudi na ndoo tatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndoo hizo zina rangi, na kila rangi ina masharti kama mganga wa kienyeji. Nyeusi ni ya taka za kawaida, ya njano ni ya glavu na bandeji zilizotumika, nyekundu ni ya vitu vilivyolowa damu. Siku ya kwanza nilikula chapati, karatasi yake nikaitupa kwenye nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Sista akaniuliza mbele ya wajawazito wa kliniki: "Daktari, hiyo karatasi ina ugonjwa gani?" Mmoja alicheka hadi ikanibidi nimpime presha upya.

2. Amenikataza kuirudishia sindano kifuniko nikishamchoma mgonjwa. Anasema iingie moja kwa moja kwenye boksi gumu la sindano alilokuja nalo pamoja na ndoo. Mimi nimerudishia vifuniko tangu chuoni, na nimejichoma mara chache tu, zote kwa bahati mbaya. Kwa makusudi sijawahi hata mara moja. Mtu mwenye sifa hiyo anastahili pongezi, si mihadhara.

3. Hili la shimo ndilo lililonikondesha. Maji makuu ya bamvua lililopita yaliingia shimoni na kuondoka na kila kilichokuwamo. Mimi nilishukuru, nikiona bahari imetupunguzia kazi. Sista hakushukuru. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu warudishe chochote cha zahanati walichookota, wakiguse kwa tahadhari, na sindano wasiziguse kabisa, wamwite yeye.

Kesho yake palikuwa na foleni ambayo wagonjwa hawajawahi kunipangia. Mwanaheri, muuza vitumbua, alileta chupa ya dripu aliyokuwa akitilia mafuta ya nazi. Bibi Zabibu alileta glavu iliyojaa chumvi, imefungwa vizuri kifundoni, vidole vyote vitano vimesimama. Watoto walileta mabomba ya sindano waliyokuwa wakirushiana maji. Kila mmoja alinisalimia kwa adabu. "Shikamoo daktari, mzigo wako huu." Wangenitukana ningejua la kujibu. Ile adabu ndiyo iliyonimaliza.

4. Nyuma kabisa ya foleni alikuja Dulla, mvuvi wa kaa, mikono mitupu, akichechemea. Sindano ilikuwa imemwingia wayo akiwa matopeni. Sista alimwosha mguu kwa maji mengi na sabuni, akampima damu, akamwanzishia dawa za kinga dhidi ya VVU, akamweleza kwa upole kwamba atapimwa tena baadaye. Mkewe, Tatu, ana mimba kubwa. Alisimama mlangoni, hakumtazama Sista, alinitazama mimi. "Daktari, hii sindano alichomwa nani kabla ya mume wangu?"

Mheshimiwa, muuguzi anayesababisha mganga mfawidhi akose jibu ndani ya zahanati yake mwenyewe ni hatari kwa utawala bora.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Sista Nasra ahamishiwe mbali, ikiwezekana pasipo na bahari. Ndoo mbili zigawiwe kwa matumizi ya maana, kwani Mwanaheri ameshaulizia moja ya kulowekea mchele. Mwisho, bahari iandikiwe barua ya onyo kwa kurudisha vitu ambavyo hakuna aliyevidai.

Wasalimie wote hapo ofisini, dereva wa gari la chanjo asisahauliwe, na wenzangu wa Mtunda ukiwaona waambie bado nipo.

Ni mimi, mtetezi wa ndoo moja,

Abdulrazaq
Mganga Mfawidhi

Tanbihi: Usishangae mwandiko kuwa mzuri. Si wangu. Juzi Sista alikwenda kutoa chanjo ng'ambo ya mto. Nikamchoma mgonjwa sindano, nikatazama huku na huku, nikairudishia kifuniko. Ikanipata kidole gumba. Kwa kuruka, mkono wa kuandikia ukagonga kabati na kuteguka. Basi barua hii nimeitamka tu, na aliyeiandika ni Sista Nasra mwenyewe. Hakupunguza neno hata moja linalomhusu. Alinisahihisha rangi za ndoo tu, maana nilikuwa nimezichanganya.

Ndiye aliyenikimbiza bombani mara tu aliporudi kutoka ng'ambo, na ndiye anayehakikisha nimemeza dawa. Tunameza pamoja, mimi na Dulla, kwenye benchi moja. Dulla hunisogezea kikombe cha maji. Mpaka leo hajaniuliza swali la mkewe, nami nimeshindwa kumtazama usoni.

Nimemwomba Sista alikate lile ombi la uhamisho. Amekataa. Anasema barua ni ya daktari, yeye ni mwandishi tu, na mkono wangu kalamu haushiki. Tafadhali, mheshimiwa, likate wewe huko huko.